Ruzuku ya mbolea ipo, mkulima wa pilipili manga ya kilimo hai anafaidika na nini?

• Sehemu kubwa ya ruzuku inapitia mbolea za viwandani, ambazo mkulima wa kilimo hai haruhusiwi kutumia.
• Sheria mpya ya Ulaya inataka wakulima wenyewe wamiliki cheti, si kampuni inayowanunulia.
• Ushirika, miche na vichanja vya kukaushia ndivyo vitakavyoamua nani anabaki sokoni.

Serikali ya Tanzania imemwaga fedha kwenye kilimo kuliko ilivyozoeleka. Bajeti ya Wizara ya Kilimo iliruka kutoka Sh294 bilioni mwaka 2021/22 hadi Sh954 bilioni mwaka uliofuata, na mwaka 2024/25 ikavuka Sh1.2 trilioni.

Sura ya msaada huo inayojulikana zaidi ni mfuko wa mbolea. Agosti 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku jijini Mbeya. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, uliokuwa umepanda hadi zaidi ya Sh130,000, ukashuka hadi Sh70,000.

Kwa mkulima wa mahindi, hiyo ni nafuu kubwa. Kwa mwenye pilipili manga ya kilimo hai huko Amani wilayani Muheza, au Matombo kwenye Milima ya Uluguru, mfuko huo ni wa kutazama tu. Akitia urea shambani, cheti kimeota mbawa. Kulirudisha shamba la zao la kudumu kwenye kilimo hai huchukua miaka mitatu.

Kwa hiyo kuna mkulima ambaye serikali inamsifu kwa kutunza udongo na kuingiza fedha za kigeni, lakini msaada mkubwa uliopo haumgusi.

Si anauza kwa bei nzuri?

Hiyo ndiyo hoja ya wengi: pilipili ya kilimo hai ina bei ya juu, sasa ruzuku ya nini?

Shida ni kwamba bei hiyo huja mwisho, gharama huja mwanzo. Katika kipindi cha mpito, mkulima anafuata masharti yote ya kilimo hai huku akiuza kwa bei ya kawaida. Mpilipili wenyewe hutambaa juu ya mti mwingine na huchukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa vizuri. Halafu ukaguzi hulipiwa kila mwaka, mavuno yawe mazuri au mabaya.

Mkulima mwenye eka moja au mbili hawezi kubeba mzigo huo peke yake. Ndiyo maana kwa miaka mingi kampuni zinazosafirisha viungo ndizo zililipia cheti na kukishika. Mkulima akapata soko, lakini akafungwa. Akimuuzia mnunuzi mwingine, pilipili ile ile inahesabika ya kawaida.

Ulaya imebadilisha mchezo

Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2018/848 ilianza kutumika Januari 1, 2022, na wazalishaji wa nchi za nje walipewa muda wa mpito ambao sasa umekwisha. Inataka kikundi cha wakulima kiwe kimesajiliwa kisheria, kiundwe na wakulima wenyewe, kisizidi wanachama 2,000 na kiuze mazao yake kwa pamoja.

Kila mwanachama anakaguliwa na kikundi chenyewe kila mwaka. Kisha mkaguzi wa nje anarudia angalau asilimia 5 ya wanachama na kupima sampuli za angalau asilimia 2. Kikundi cha watu 400, kwa mfano, kitarudiwa mashamba 20 na kupimwa sampuli nane.

Ni kazi ya makaratasi kwelikweli. Lakini ndani yake kuna mlango: cheti kinaweza kuwa mali ya wakulima. Wakiwa nacho, wanaweza kumwambia mnunuzi wa kwanza "hapana" na kumpigia wa pili. Wakishindwa kukimudu, wanarudi kwa walanguzi na bei ya kutupa.

Serikali ifanye nini?

Mwongozo upo. Novemba 2023 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai, unaokwenda hadi 2030. Kinachosubiriwa ni kuona fedha zikifuata karatasi.

Kwanza, ushirika. Chama cha ushirika cha msingi, yaani AMCOS, tayari kina usajili wa kisheria ambao Ulaya inautaka. Kinachokosekana ni mtu wa kutunza kumbukumbu za kila shamba na fedha za ukaguzi wa miaka ya mwanzo. Ruzuku ikiwekwa hapo, mkulima hapewi samaki, anapewa nyavu.

Pili, miche. Serikali imeonyesha inaweza, kwani kwenye michikichi Kigoma imezalisha miche na kuigawa kwa wakulima. Pingili bora za mpilipili nazo zinahitaji vitalu karibu na wakulima.

Tatu, ukaushaji. Kilo tatu hivi za pilipili mbichi hutoa kilo moja kavu. Ikianikwa chini inaokota vumbi na ukungu, na mzigo mmoja mchafu unaweza kuharibu jina la kikundi kizima. Kichanja cha mbao na wavu si teknolojia ya ajabu.

Fedha za vichanja zinaweza kutoka karibu na nyumbani. Halmashauri hutoza ushuru wa mazao ya biashara usiozidi asilimia 3, na zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya wanawake na vijana wanaokausha pilipili wanafaa kabisa kuwa mbele ya foleni hiyo.

Usalama nao si jambo dogo. Mkulima anayeogopa kuibiwa huvuna kabla ya punje kukomaa, na pilipili changa ni nyepesi kwenye mizani. Kukubaliana kijijini siku ya kuanza mavuno, na kuisimamia, hakuhitaji bajeti ya mabilioni.

Hakuna anayesema ruzuku ya mbolea ifutwe. Lakini ukiupima msaada wa kilimo kwa idadi ya mifuko iliyogawiwa, mkulima wa pilipili manga ya kilimo hai hatahesabika kamwe. Kipimo chake ni kingine: ni vikundi vingapi vinashika vyeti vyao wenyewe, na kilo ngapi zinauzwa bila kupita kwa dalali.