Hata Mitambo ya Upepo Hupumzika

Sisi wahamiaji wa Fargo na Moorhead, Marekani, tunaoishi pande mbili za Mto Red, tuna malalamiko na tunaomba tusikilizwe mpaka mwisho. Tunaomba kwa sababu huku kulalamikia baridi ni kujivunjia heshima. Mwenyeji anaweza kuwa anafukua gari lake kwenye lundo la theluji, kope zimeganda, na ukimpa pole anakujibu kwamba ingeweza kuwa mbaya zaidi. Wenyeji wana misemo yao. Kwamba baridi ya -40 ndiyo inayowafukuza wahuni. Kwamba kati yetu na Ncha ya Kaskazini hakuna kizuizi ila waya wa seng'enge, nao ulishaanguka. Mwaka wetu wa kwanza tulicheka. Wiki iliyopita hatukucheka.

Ukizidi kulalamika unajibiwa kwa historia. Utatajiwa tarehe 12 Januari 1888, siku iliyoanza na vuguvugu la kudanganya, kisha tufani ya theluji ikawakuta watoto njiani wakitoka shule. Waliokufa huhesabiwa kuwa 235. Utatajiwa Parshall, mji mdogo wa jimbo letu hili la North Dakota, ambako Februari 1936 kipimo kilishuka hadi -51 za Selsiasi, na Julai ya mwaka uleule mji wa Steele ukafika 49 za joto. Sawa, tumesikia, poleni sana. Lakini ya 1936 hayapashi joto kituo cha basi.

Upepo ulianza Jumapili jioni ukitokea kaskazini-magharibi, na haukukata hadi Ijumaa usiku. Tuseme wazi kwamba baridi peke yake tumeizoea. Siku ya -30 isiyo na upepo ina uzuri wake: moshi unapanda wima, theluji inalia chini ya buti, jua linachomoza na vijua viwili vya pembeni. Mtu akivaa sawasawa anaweza kutembea na hata kusimama kupiga soga. Ubaya unaletwa na upepo, kwa sababu mwili hujitengenezea ganda jembamba la hewa ya joto juu ya ngozi, na upepo kazi yake ni kulipeperusha ganda hilo kila linapojijenga. Na huku hakuna cha kuuzuia. Bonde hili zamani lilikuwa sakafu ya ziwa kubwa la barafu iliyoyeyuka, ambalo wanajiolojia wameliita Agassiz, na sakafu ya ziwa ni tambarare hasa. Upepo ukishatoka Kanada unafika kwetu ukiwa haujapanda hata kilima kimoja cha maana.

Ndugu zetu Kigoma, Uvira na Nairobi wanatuuliza theluji imenyesha kiasi gani. Bandugu, haijanyesha! Mbingu ilikuwa buluu karibu wiki nzima. Ni ileile ya Desemba iliyokuwa imelala mashambani. Upepo unaiinua na kuiburuta juu ya barabara kwa kimo cha mtu. Ukiinua macho unaona anga safi, ukitazama mbele huioni boneti ya gari lako mwenyewe. Barabara kuu mbili, ile ya 94 na ile ya 29, zinakutana hapa Fargo, na zote zina mageti ya kufungwa siku kama hizo. Wenzetu waliokuwa Bismarck kwa harusi walilala huko usiku ambao hawakuupangia, na mmoja wao bado anabishana na msimamizi wake kama ile ilikuwa likizo au utoro.

Sasa tufike kwenye vipimo, maana hapo tuna neno. Asubuhi redio ilisema hewa iko -29, upepo unakwenda kilomita 32 kwa saa, kwa hiyo mwilini itasikika kama -44, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika kumi. Jedwali linalotoa hesabu hiyo lilitolewa mwaka 2001 na wataalamu wa Marekani na Kanada, baada ya kuwatembeza watu wa kujitolea kwenye chumba cha upepo huko Toronto, nyuso wazi. Kabla ya hapo walitumia hesabu iliyotokana na majaribio ya Paul Siple na Charles Passel, waliotundika chombo cha maji kwenye upepo wa Antaktika na kupima muda wa maji kuganda. Tunawashukuru wote. Ila jedwali jipya linamchukulia mtu anayetembea, mwendo wa kawaida, kama kilomita tano kwa saa. Anayesubiri basi la saa kumi na moja alfajiri hatembei. Amesimama, amegeukia ukuta wa duka lililofungwa, anahesabu taa za magari. Huyo jedwali lake bado halijatengenezwa.

Na hapa ndipo kiini cha manung'uniko yetu. Baridi inatangazwa kana kwamba imemwagwa sawasawa juu ya wote. Mwenye nyumba yenye gereji iliyoungana na jikoni anaingia garini akiwa na kandambili, anabonyeza kitufe, mlango unapanda, anakwenda kuegesha chini ya jengo la ofisi. Wiki nzima hakukutana na upepo isipokuwa alipotoka kuchukua barua. Ndiye huyo anayetuambia kwamba ni suala la kuvaa vizuri. Anayefua shuka hotelini, anayegeuza wazee kitandani usiku, anayekata nyama kiwandani au kupanga mizigo ghalani, huyo upepo umemjua kwa jina. Jumanne ofisi nyingi ziliwaambia watu wao wafanye kazi wakiwa nyumbani. Tulipopata ujumbe kutoka kazini kwetu mioyo ilituruka. Ulisema barabara zinateleza, kwa hiyo tutoke mapema zaidi tusichelewe.

Kutoka mapema! Kwa gari lipi? Gari la huku lina waya unaoning'inia mbele kwenye grili, na mgeni hudhani limeharibika. Ni wa kupashia injini joto: usiku unauchomeka kwenye umeme ili asubuhi oili isiwe imeganda. Kwenye maegesho ya fleti zetu soketi zipo. Nusu hazina umeme, na zenye umeme zimelipiwa na waliofika kabla yetu. Tumemwandikia mwenye jengo. Akajibu kwamba ataliangalia hali ya hewa ikiruhusu. Basi mzee mmoja wetu, aliyewahi kuwa fundi Bukavu, alikuwa anashuka usiku wa manane, anawasha gari, anakaa ndani mpaka lipate moto, anapanda kulala, anashuka tena. Betri ilivumilia hadi Alhamisi. Alhamisi ilikata roho, na mzee naye karibu.

Kisha kuna tuta la greda. Tunaelewa kwamba barabara lazima zisafishwe, na madereva wa magreda hawalali. Ugomvi wetu hauko na wao. Lakini greda likipita linasukuma theluji pembeni, na pembeni ndiko mlango wa kila ua ulipo. Umeamka saa tisa usiku, umekoleza chai, umepiga sepetu mpaka mgongo umelia, njia ni nyeupe na safi. Unaingia ndani kuvua glavu, unasikia ngurumo. Ukitoka unakuta tuta la kiunoni, na si theluji laini tena, ni mabonge ya barafu. Mama mmoja wa Fizi alilitazama tuta lake Jumatano, akalisalimia kwa heshima zote kama mkwe, akarudi kulala.

Shule nazo. Shule ikifungwa kabisa, tunajipanga: mwenye zamu ya usiku anakaa na watoto wa jengo zima, wanakula maandazi na kubomoa kochi. Balaa ni ule uamuzi wa kuchelewesha kwa saa mbili. Watoto wanachelewa saa mbili, kazi haichelewi hata dakika. Nani anakaa na mtoto wa miaka saba kati ya saa moja na saa tatu? Na baada ya hapo mtoto mwenyewe anataka kwenda kituoni bila koti, kwa kuwa wenzake wa kizungu wamekwenda na kaptula. Kaptula, kwenye -29! Wazazi wao wanasema ndivyo watoto walivyo. Sisi wetu tunawafunga skafu mpaka wabaki macho, na kila jioni skafu inarudi imejaa kwenye begi, kavu, haijaguswa.

Lakini lililotuchoma zaidi tuliambiwa na kijana wetu anayesomea ufundi wa mitambo ya upepo, ile minara mirefu yenye mapanga matatu inayotoa sehemu kubwa ya umeme wa jimbo hili. Tulimuuliza kwa dhihaka kama wiki hii mitambo imevuna sana. Akasema mingi hujizima yenyewe hewa ikikaribia -30, kwa sababu chuma na grisi vina kikomo, na aliyeitengeneza alikiandika kikomo hicho kwenye kitabu cha maelekezo. Tulinyamaza kidogo. Kumbe hata chombo kilichoumbwa kwa ajili ya upepo kina siku yake ya kuambiwa inatosha! Na mwishoni mwa Januari 2019, baridi ya kutoka Aktiki ilipoteremka, hata posta, ile inayojisifu kwa kufika katika kila hali, ilisimamisha kupeleka barua katika majimbo kadhaa, letu likiwemo. Barua zilipumzika. Wanaogeuza wazee vitandani waliripoti kazini. Tunajua wazee hawawezi kuachwa, hatuombi waachwe. Tunaomba anayetuita kazini usiku wa baridi kama ile atume gari, au alipe teksi, au angalau asikate saa ya mtu aliyefika amechelewa kwa dakika kumi na mashavu yamekufa ganzi. Kikomo chetu kimeandikwa kitabu gani?

Wazee wa mashamba, wale wanaokunywa kahawa kwenye kituo cha mafuta, wanatuelewa kuliko watu wa mjini. Mmoja alituonyesha mstari wa miti kando ya shamba lake, uliopandwa miaka ya 1930 enzi za Rais Roosevelt, wakati udongo ulipokuwa ukipeperushwa hadi jua linafifia. Serikali ilipanda miti zaidi ya milioni mia mbili, mistari kwa mistari, kutoka North Dakota hadi Texas, kuvunja nguvu za upepo. Leo mistari mingi imezeeka, na baadhi ya wakulima wanaing'oa kwa sababu matrekta mapya ni mapana na miti inaziba njia. Ndiyo maana theluji ya wiki iliyopita ilifika kwetu nyeusi, imechanganyika na udongo wa shamba la mtu. Mzee yule aliliona hilo kuwa ujinga mtupu, na alilisema bila kutazama kama kuna anayemsikia. Hatimaye mwenyeji aliyelalamika! Tulimnunulia kahawa.

Jumapili hii upepo umelala na kipimo kimepanda hadi -12. Ibada yetu ya Kiswahili huanza saa nane mchana katika kanisa la kupanga, saa ambazo wenyewe wamekwishaondoka na hita imeshushwa, kwa hiyo kwaya iliimba na makoti kama kawaida. Baadaye watu walisimama nje wakisema leo kuna joto, na walimaanisha. Mmoja alikuwa anaosha gari. Wengine walishaanza habari ya mto: unaelekea kaskazini, kwa hiyo kusini huyeyuka kwanza, na maji yanakwenda kugonga barafu ambayo bado imelala, Machi 2009 yalipanda Fargo hadi futi 40.84, na waliokuwepo walijaza magunia ya mchanga usiku na mchana. Hilo tutalinung'unikia wakati wake. Kwanza kuna bili ya gesi ya wiki hii, ambayo haijafika, na zile soketi za maegesho, ambazo sasa hali ya hewa imeruhusu.