Joho Letu Lina Kosa Gani Mezani?

Katika meli kubwa za kitalii zinazozunguka bahari za dunia, mna desturi moja ambayo imezua ubishi wa miaka mingi baina ya wasafiri. Ni desturi ya usiku rasmi. Jioni hiyo, ipigapo saa kumi na mbili, abiria hutakiwa waweke kando kaptura na ndara walizoshinda nazo mchana kutwa, wavae mavazi ya heshima. Wanaume huvaa suti nyeusi na tai ya kipepeo. Wanawake huvaa magauni marefu. Asiyevaa hivyo hakaribishwi katika ukumbi mkuu wa maakuli.

Kwa mtazamo wa haraka, jambo hili halimhusu mwalimu wa Bungoma wala mwanafunzi wa Garissa. Nionavyo mimi, linawahusu sana. Ndani yake mna swali tunalokumbana nalo kila siku shuleni, ofisini na Bungeni: ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba vazi hili ni la heshima na lile silo?

Hebu tuanzie kwenye chanzo. Kabla ya ndege, mtu aliyetaka kuvuka bahari hakuwa na budi kupanda meli. Abiria wa daraja la kwanza walibadilisha nguo kila jioni kabla ya chakula, isipokuwa usiku wa kwanza na wa mwisho, ambapo masanduku yalikuwa bado hayajafunguliwa au yalikwisha fungwa. Masanduku yenyewe yaligawanywa mafungu mawili: ya kuwekwa chumbani, na yale ya kushushwa tumboni mwa meli, yaliyobandikwa kibandiko cha kueleza kuwa hayahitajiki safarini. Koti la jioni lilianzia Uingereza katika karne ya 19. Wamarekani waliliita taksido, kutokana na Tuxedo Park, makazi ya matajiri karibu na jiji la New York.

Desturi hizo zilifika hata kwetu. Kampuni ya British India ilikuwa na meli mbili mashuhuri, Kenya ya mwaka 1951 na Uganda ya mwaka 1952, zilizosafiri kutoka London hadi Mombasa kwa kupitia mfereji wa Suez. Abiria waligawanywa kwa madaraja. Kenya ilikwenda kuvunjwa mwaka 1969. Uganda ilikuwa na bahati nyingine: mwaka 1968 iligeuzwa kuwa meli ya masomo, ikawa inachukua wanafunzi wa Uingereza pamoja na walimu wao, wakilala katika mabweni na kusomea baharini. Hivyo, meli iliyojengwa kwa ajili ya mabwana wa ukoloni iliishia kuwa darasa.

Ndege za jeti zilipoanza kuvuka bahari ya Atlantiki mwaka 1958, meli za abiria zilipoteza kazi yake ya asili. Zilizosalia ziligeuka kuwa hoteli zinazoelea, na mtu akawa anapanda meli kwa kustarehe tu. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Iweje mtu aliyelipa fedha zake ili apumzike, alazimishwe kufunga tai? Tena abiria wengi siku hizi husafiri kwa ndege hadi bandarini, na uzito wa mzigo wa ndege una kikomo. Kampuni zikasoma alama za nyakati. Mwaka 2000, Norwegian Cruise Line ilitangaza utaratibu wa abiria kula wapendapo na kuvaa wapendavyo. Mwaka 2015, Celebrity Cruises nayo iliziacha usiku rasmi, ikaweka mavazi nadhifu yasiyo na masharti makali. Cunard, yenye meli ya Queen Mary 2 inayovuka baina ya Southampton na New York, imeishikilia desturi mpaka leo.

Sitaki kuwabeza wanaoitetea. Hoja yao ina uzito. Wanasema kuwa siku zisizotofautiana huchosha, na mtu anapojipamba hula polepole, huzungumza kwa adabu na huikumbuka jioni hiyo kwa muda mrefu. Kila mwalimu aliyewahi kuwaona wanafunzi wake wakivaa sare mpya siku ya kutoa zawadi analijua hilo. Wanaongeza kuwa suti nyeusi ni usawa: tajiri na mwalimu mstaafu huonekana sawa.

Hoja hii ya pili ndiyo isiyonishawishi. Katika Queen Mary 2, abiria huketi katika kumbi tofauti za chakula kulingana na bei ya vyumba vyao. Wenye vyumba vya bei ya juu wana kumbi zao, na wengine wana ukumbi wao. Suti zinafanana, lakini milango haifanani. Vazi halijawahi kufuta tabaka. Aghalabu hulifunika tu kwa muda.

Hata hivyo, kuna mambo matatu ambayo waendeshaji wa meli hizi wameyazingatia, nasi yatufaa kuyatafakari. Kwanza, sharti la mavazi hutangazwa mapema, hata kabla ya mtu kufunga mizigo, wala hapana anayeviziwa mlangoni. Pili, asiyetaka kujipamba hafi njaa: hupewa sehemu nyingine za kulia na kuburudika melini humo humo. Tatu, na hili ndilo kubwa, hata Cunard yenye msimamo mkali hukubali vazi rasmi la taifa la abiria. Mskoti huingia na kikwama chake cha mirabaraba, na hapana anayemwambia arudi chumbani akavae suruali.

Sasa tujiulize mambo yalivyo kwetu. Mnamo Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda na mavazi ya kitamaduni katika majengo ya Bunge. Vazi lililokubaliwa kwa mwanamume likawa koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Suti ya Kaunda imepewa jina la rais wa kwanza wa Zambia, mmoja wa wapigania uhuru wa bara hili. Ama kwa hakika, ni kinaya kikubwa kwamba meli ya Waingereza humpokea mgeni na vazi la kwao, ilhali Bunge la Waafrika humfungia mlango mwenyeji kwa vazi la Kiafrika.

Yamkini mtu atasema kuwa sisi hatuna vazi la taifa. Ni kweli kwamba mwaka 2004 lilibuniwa na kuzinduliwa vazi la taifa, na wananchi hawakulikumbatia. Lakini vazi halizaliwi kamatini. Waswahili wa pwani walikuwa na mavazi rasmi kabla ya taksido kupewa jina: kanzu, kofia ya kushonwa kwa mkono, na juu yake joho lililotariziwa, vazi la watu wenye hadhi. Neno hilo hilo ndilo tunalolitumia leo kwa vazi la mahafali ya vyuo vikuu. Ulimi umekubali kuwa joho ni heshima. Ni kanuni zetu zilizokataa.

Walimu wenzangu, suala hili limekwisha ingia shuleni. Siku hizi hata watoto wa chekechea huvishwa majoho siku ya kuhitimu, na mzazi asiye na fedha za kukodisha hutahayari mbele ya mwanawe. Hapa ndipo tunaposhindwa na mabaharia. Sherehe ikiwa na sharti la vazi, na litangazwe mapema. Ikiwa vazi lina gharama, asiyeimudu asikoseshwe nafasi yake mbele ya wenzake. Na mtoto akija na kanzu ya baba yake, au shuka la Kimaasai, au kitenge kilichoshonwa vizuri, apokewe kuwa amevaa rasmi, maana amevaa rasmi.

Nanyi wanafunzi, lifanyeni jambo hili kuwa hoja ya mdahalo: je, nidhamu ya mavazi inaweza kuwapo bila ya kudharau mavazi ya watu? Mimi nashikilia kuwa inaweza. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Nami naongeza kwamba amwachishaye mwenzake mila kwa kisingizio cha adabu naye hana tofauti na mwenye watumwa. Unadhifu ni haki ya mwalimu kuudai, na usafi pia. Jina la mshonaji wa nguo, na bara ilikotoka, havimo katika madai hayo.