Boti Nyekundu ni Kali, Ila Hapa Wifi Ana Pointi

Ile kapo ya Watanzania wanaoishi Minnesota, Marekani, ile ya video za kupika samaki (majina kapuni, ila wenyewe mnawajua), imewasha moto tena. Safari hii si mapishi. Jumatatu waliposti picha mbili za boti za alumini za kuvulia samaki, wakaweka kura na kuuliza wanunue ipi. Hadi jioni komenti zilikuwa zimejaa kama daladala ya Mbagala, na nusu yake zilikuwa za kumchamba wifi.

Boti ya kwanza ni nyekundu, inameta balaa. Futi 17, injini ya HP 60 nyuma, usukani kama wa gari, zulia sakafuni, redio ya bluetooth. Hii ndiyo baba watoto ameielewa. Ya pili ni ya kijivu, futi 16, ubavu mrefu, pua imechongoka, ndani mabenchi na nafasi tupu. Usukani hakuna. Nahodha anakaa nyuma na kushika mkono wa injini, vilevile wanavyofanya wavuvi wa Mwanza. Hii ndiyo ya mama watoto. Bei yake iko chini kwa kama dola 6,000, na kwa wadau wengi huo ukawa ushahidi tosha kwamba dada anabana, hapendi mumewe ang'ae, anataka baba wa watu aonekane kama ndiyo anashusha dagaa Mwaloni Kirumba. Mwingine akaandika kwamba shem kakaliwa.

Lakini chini ya posti wifi aliuliza swali moja tu. Upepo ukiwakuta katikati ya ziwa na watoto wawili, itakuwaje? Akapewa emoji za kucheka. Hakuna hata mmoja aliyelijibu, wakati ndilo swali la kwanza ambalo mtu anayenunua boti anatakiwa kuulizwa.

Kwa sababu hizi si boti za aina moja zenye rangi tofauti. Ile nyekundu imetengenezwa kwa ajili ya maji yaliyotulia. Ubavu wake ni mfupi, tumbo lake karibu liwe bapa, na mbele na nyuma kuna majukwaa ya kusimama na kurusha ndoano. Kwenye ziwa dogo, asubuhi maji yakiwa kama kioo, hakuna raha kama hiyo. Boti imetulia, haiyumbi ukisimama upande mmoja, inaingia hadi kwenye majani ambako samaki wamejificha. Minnesota ina vijiziwa vya namna hiyo vingi mno. Wenyewe wanajiita nchi ya maziwa 10,000, na kwa hesabu yao yanazidi 11,000. Kama kapo hii ingekuwa inavua kwenye vijiziwa hivyo, mjadala ungeisha hapo na nyekundu ingechukua ushindi wake halali.

Shida ni kwamba hawavui huko. Mtu yeyote aliyeangalia video zao za kiangazi anajua wanapoenda ni Mille Lacs, kaskazini mwa Minneapolis. Lile si bwawa. Ukubwa wake unakaribiana na kisiwa kizima cha Ukerewe, halafu ni ziwa la kina kifupi, sehemu ya chini kabisa ni kama mita 13 tu. Ziwa pana lisilo na kina likipigwa na upepo halileti yale mawimbi marefu ya kubembeleza. Linaleta mafupi, yaliyosimama, yanayofuatana bila kukupa nafasi ya kupumua. Boti yenye tumbo bapa inayapiga pa pa pa mpaka mgongo unauma, na ubavu ukiwa mfupi maji yanaingia ndani. Pua iliyochongoka ya ile ya kijivu inayapasua, na ubavu mrefu unayaacha nje. Kazi yake ndiyo hiyo. Si bahati mbaya kwamba boti za namna ile zimetoka mikoa ileile. Kampuni ya Lund, kwa mfano, ilianzia mji mdogo wa New York Mills, Minnesota, mwaka 1948, kati ya watu ambao maziwa yenye upepo ndiyo shamba lao.

Na kinachoshangaza zaidi, baba watoto ni mtoto wa Ukerewe. Ameshalisema mwenyewe kwenye video si chini ya mara tano. Mtu aliyekulia pale hahitaji kufundishwa na mke wa kutoka Temeke kwamba ziwa linabadilika ndani ya nusu saa. Septemba 2018 MV Nyerere ilizama ikikaribia gati la Ukara, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 200 walikufa. Hizo ni habari za nyumbani kwao kabisa. Sasa unajiuliza, anasahau, au likes za ile rangi nyekundu zimemlewesha?

Kuna waliokuja na hoja ya ribiti, na hao angalau walijaribu. Wanasema ya kijivu imeungwa kwa ribiti wakati nyekundu imechomelewa, kwa hiyo ya kijivu itavuja. Ni kweli ribiti za boti iliyozeeka na kugongwa sana hulegea. Lakini na sehemu iliyochomelewa nayo huweza kupasuka, na kuitengeneza kunataka fundi anayejua alumini, si kila mchomelea mageti. Ndege nyingi mnazopanda zimeunganishwa kwa ribiti na hamjawahi kushuka njiani. Hiyo isiwe sababu ya kuchagua.

Wengine, hasa wa huku nyumbani, wanauliza kwa nini alumini kabisa, mbona mbao zipo. Jibu lake fupi: alumini ni nyepesi, trela lake linavutwa na gari la kawaida la familia, hainywi maji, na hakuna habari ya kukalafati kila msimu. Kwa maji baridi inadumu sana. Kwa ndugu wa Tanga na Mafia hiyo ni habari nyingine, maana chumvi na alumini zinataka uangalizi wa karibu, hasa pale alumini inapogusana na chuma cha aina nyingine.

Ila wifi naye kuna mahali kachemka. Kwenye komenti moja alisema ile ya kijivu waichukue na injini ya HP 25 ili wabaki na chenji. Hapana, dada. Watu wanne, mafuta, betri, boksi la barafu na samaki, halafu HP 25 kwenye boti ya futi 16? Itakuwa inalima maji pua juu, haipandi juu ya maji hata ukibana mafuta hadi mwisho. Na siku wingu jeusi likitokea, injini ndiyo inayowarudisha nchi kavu. Afadhali zile dola 6,000 zimegwe, ifungwe HP 50, na kinachobaki kiende kwenye mambo yao mengine. Hapo ndipo baba watoto anapaswa kusikilizwa, maana kwenye suala la nguvu yuko sahihi, boti tu ndiyo kaikosea.

Kabla hawajasaini chochote, waangalie kibati kilichopigwa ndani ya boti. Marekani boti ya injini iliyo chini ya futi 20 lazima iwe nacho. Kinaandikwa watu wangapi, uzito kiasi gani, na HP ya mwisho inayoruhusiwa. Namba ya watu inadanganya kidogo, kwa sababu "watu watano" wanaotoshea kimya kwenye bwawa si watu watano kwenye mawimbi wakiwa na mizigo. Cha kusoma ni uzito, halafu upungue chini yake.

Na kuna ile kamba nyekundu ya kuzimia injini. Nahodha anatakiwa aifunge mwilini, ili akitupwa majini injini izime badala ya boti kuzunguka na kumrudia. Tangu Aprili 1, 2021 ni sheria ya Marekani kwa boti za chini ya futi 26. Kwenye ile video ya Agosti, wakiwa na boti ya kukodi, kamba inaonekana inaning'inia tu kwenye injini huku shem anaongea na kamera. Watoto walikuwa wamevaa jaketi za kuokolea, hapo pongezi, na Minnesota mtoto wa chini ya miaka 10 ni lazima avae boti ikiwa inatembea. Wazazi wenyewe? Zao zilikuwa zimekaliwa kama mito.

Halafu tuache kuigiza kwamba hii ni zawadi ya mume kwa familia. Wifi ameshasema wazi kwamba malipo ya mkopo yatatoka kwenye akaunti ya wote wawili, na shifti zake za usiku kwenye nyumba ya wazee zinajulikana, maana nusu ya video anaonekana na sare ya kazi na macho mekundu. Hata leseni yao ya kuvua ni ile moja ya mume na mke, Minnesota wanazo hizo. Mtu analipa nusu, ana leseni, watoto wake ndio watakaokaa pale mbele, halafu akiuliza kuhusu upepo anaambiwa anambania mwanaume asile bata. Kina dada waliojiunga kumcheka ndio walioshangaza kuliko wote.

Hadi Alhamisi usiku nyekundu ilikuwa inaongoza kwa mbali. Kura zinafungwa Jumapili. Kama bado hujapiga yako, ipitie kwanza ile video ya Agosti, kama dakika ya nane hivi, pale wimbi linapoingia ndani na shem anacheka na kamera, halafu mtazame wifi. Haongei. Anachota maji kwa kifuniko cha boksi la barafu.