Kiswahili cha Mapambo

Mama yangu alikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza akiwa mtoto, kwenye vizuizi vya barabarani huko Masaka, vinywani mwa askari. Nilipomwambia kwamba nakwenda kukisomea chuo kikuu hakunikataza, ila alinyamaza siku nzima. Desemba iliyopita akaniambia kwa Kiganda, "Basi nipeleke wanakokizungumza watu wasio na bunduki." Akavunja kibubu. Tukapanda basi Kampala hadi Nairobi, tukashika treni mpaka Mombasa, tukavuka kwa feri Likoni, na jioni tukafika Diani: mama, wadogo zangu wawili na mimi.

Hoteli yenyewe haikuwa ya matajiri. Ilikuwa ya familia, ya bei ya kati, na tangazo lake liliahidi "paradiso ya kitropiki". Sisi nchi yetu inapitiwa na ikweta. Tropiki tumezaliwa ndani yake, na matope yake tunayajua. Tukalipia kuonyeshwa kasuku wa plastiki juu ya baa. Kando ya bwawa kulisimama minazi ya saruji, na nyuma ya ukuta minazi halisi ikipepea kwa upepo wa kaskazi. Wali wenye vipande vya nanasi la kopo uliitwa "wali wa tropiki". Nilipoulizia mahamri na mbaazi za nazi, mhudumu, kijana wa Kidigo, alicheka kwa huruma: "Hayo, dada, nitakula mimi nikitoka zamu."

Hayo yote ningeyasamehe. Nisilolisamehe ni la lugha. Kila mfanyakazi alitupokea kwa "Jambo!", nasi tulipoendelea kwa Kiswahili wakatujibu kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo walivyoagizwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba "hujambo" ni ukanushi: huna jambo, huna linalokusumbua? Ukiikata ile "hu-", umelitupa swali na kumkabidhi mgeni tatizo. "Jambo" hilo na "hakuna matata" vimetundikwa pale kama yule kasuku: rangi vinayo, uhai havina.

Utetezi nimeshausikia. Hoteli ni biashara, wageni wanatoka kila pembe, na bei ya kati hairuhusu mengi. Sawa. Lakini tangu lini mbaazi zikawa ghali kuliko soseji? Na usiku wa Krismasi nilihesabu meza kumi na nne. Tisa zilikuwa za familia kutoka Nairobi, Kampala na Kigali, watoto wao wakifukuzana chini ya meza kwa Kiswahili. Walioijaza hoteli ni sisi. Paradiso ile imepambwa kwa ajili ya mgeni ambaye hakuwepo.

Na sisi tunakubali! Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Kisha tunavuka mpaka na kukubali kuwa watalii wa lugha hiyo hiyo. Mdogo wangu alipotaka kununua dafu ufukweni, mlinzi alimzuia kwa kamba iliyoshuka hadi kwenye mchanga unaofunikwa na maji kujaa. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema ardhi hiyo ni ya umma. Nilijua, nikanyamaza. Ningewezaje kuilaumu hoteli peke yake?

Siku ya tatu nilimwamkia mzee mtunza bustani: "Shikamoo, mzee." Akatazama huku na huku, akasema kwa sauti ya chini, "Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?" Mama akanishika mkono akitaka kujua mzee amesema nini. Nikamfasiria. Akanitaka nirudie, neno kwa neno.

Kesho yake alitutoa getini mapema, kabla ya kifungua kinywa tulichokwisha kukilipia. Ukunda, kando ya barabara, mama mmoja muuza mahamri alimkaribisha, akamuuliza ameamkaje. Mama, aliyekuwa amefanya mazoezi usiku mzima kitandani, akajibu, "Salama, dada." Akaketi kwenye benchi, na mbaazi zilipokwisha akaagiza sahani ya pili.