Majalada Yasomwe Pamoja
Kwa Mkuu wa Upelelezi wa Makosa ya Jinai, Mkoa wa Arusha

Afande,

Mtu akivunjiwa nyumba usiku hapa Moshono, hupewa RB yake. Jirani yake aliyeng'olewa mita ya maji hupewa ya kwake, na aliyekatiwa geti naye vivyo hivyo. Kanuni ya Adhabu inatenganisha kuvunja nyumba na kuharibu mali, sawa. Kwa mwizi, huo ni usiku mmoja wa kazi.

Naomba majalada ya mitaa inayopakana yasomwe pamoja: waliingia saa ngapi, nondo ya dirisha ilikatwa au ilipindwa, waliacha nini chenye thamani. Hilo la mwisho ndilo zito. Anayeacha televisheni akabeba koki na mabomba ana mnunuzi anayemsubiri kwenye mizani ya chuma chakavu. Alama za barabarani za TANROADS hupotea kwa njia hiyohiyo, na watu tukaita uhuni. Biashara ya chuma chakavu inahitaji kibali, kwa hiyo wenye mizani halali wanajulikana, na asiye na kibali ameshajitaja mwenyewe. Kupokea mali ya wizi nako ni kosa. Anzeni hapo kabla ya kuhangaika na dirisha.

Mwaka 2004, Shane Johnson na Kate Bowers walichapisha uchunguzi wao kuhusu wizi wa majumbani Merseyside, Uingereza. Nyumba zilizokuwa ndani ya mita 400 kutoka iliyovunjwa zilibaki kwenye hatari kubwa zaidi kwa muda wa hadi miezi miwili. Arusha ina mbwa wengi na taa chache, lakini polisi kata wanaweza kuijaribu hesabu hiyo kwa kuelekeza doria jirani na tukio la jana.

Kuna pia habari ya kupuliziwa dawa. Karibu kila aliyeibiwa akiwa usingizini huisema. Sibishi, ila mtu akishaishika, hakumbuki tena pikipiki iliyozunguka mtaani juzi yake wala mlango wa nyuma usiofungwa. Muulizeni hayo kwanza.

Na sisi raia tuambieni bila kutuonea haya: kibaka aliyechomwa moto hasemi aliuza wapi. Tukimkamata, tumlete akiwa mzima kituoni. Nanyi mje kwenye mkutano wa mtaa mtueleze mnunuzi wake amefikia wapi.

Mkazi wa Moshono, Arusha