Gia ya Spidomita Iko Jirani na Breki

Na Bwana Shamba



Kwa kawaida ukurasa huu ni wa mbegu, mbolea na mifugo. Mwezi huu tutazungumza juu ya pikipiki. Sababu ni kwamba wakulima na wafugaji wengi wa Karatu na Ngorongoro sasa wanatumia pikipiki za zamani. Nyingi ni Honda CG125, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, au Yamaha AG100. Hizi zilikuwa pikipiki za kazi kwa miaka mingi. Mwaka 2022 Serikali iligawa pikipiki mpya kwa maafisa ugani wa kilimo. Lakini zile kuukuu bado ziko vijijini, na bado zinabeba dawa za mifugo, mbegu na watu.

Ukizitazama pikipiki hizi utaona jambo moja. Injini inanguruma vizuri, taa inawaka, lakini mshale wa spidomita umelala kwenye sifuri. Mwenyewe atakuambia, "Hiyo si kitu. Pikipiki inakwenda."

Ni kweli, inakwenda. Lakini spidomita ina kazi tatu kwako wewe mkulima.

Kwanza, inakuambia mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka usizidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Lodoare inapita katikati ya vijiji vyenye watoto na mifugo.

Pili, namba za kilomita zinakuambia wakati wa kubadilisha oili. Injini ya CG125 ina oili karibu lita moja tu. Oili hiyo ni kidogo, nayo huchoka mapema. Usipohesabu kilomita, unabahatisha.

Tatu, nyingi za pikipiki hizi hazina kipimo cha petroli. Mwenye kuhesabu kilomita anajua petroli imebaki kiasi gani. Asiyehesabu atajua akiwa porini, jua linakuchwa, na nyati wako karibu.

Mwendo unafikaje kwenye spidomita?

Kazi hii inafanywa na vitu vitatu. Kuna gia mbili kwenye gurudumu la mbele. Kuna waya mrefu ulio ndani ya ala. Na kuna spidomita yenyewe, ile saa iliyo kwenye usukani.

Gurudumu likizunguka, masikio mawili ya kitovu chake yanazungusha gia kubwa. Gia kubwa inazungusha gia ndogo. Gia ndogo inauzungusha waya, na waya unazungusha sumaku ndani ya saa. Sumaku ndiyo inayouvuta mshale.

Sasa angalia sana jambo hili, maana ndilo kiini cha somo la leo. Katika pikipiki nyingi za zamani zenye breki ya viatu, gia ya spidomita imo ndani ya sahani ya breki ya mbele. Yaani gia na viatu vya breki wanakaa nyumba moja. Gia inapenda girisi. Viatu vya breki vinaharibiwa na girisi. Anayetengeneza spidomita bila kulijua hili anaweza kuiponya spidomita na kuiua breki.

Kwa nini gia hufa?

Adui mkubwa ni vumbi. Udongo wetu mwekundu wa Karatu unatoka kwenye volkano. Wakati wa kiangazi hugeuka unga laini. Njia ya kuteremkia Mang'ola nayo ina vumbi la kufunika tairi. Sili ya mpira inayoizuia gia isiingiwe na vumbi ikichanika, unga huo hupenya. Ukichanganyika na girisi unakuwa kama msasa, nao unasaga meno ya gia. Masika yanapofika, maji na matope huingia kwa njia ile ile. Girisi inaoshwa, na chuma kinashika kutu.

Tafuta ugonjwa kwanza

Mganga mzuri hatoi dawa kabla ya kupima. Nawe usinunue gia kabla ya kujua kilichoharibika.

Tazama namba za kilomita. Kama namba zinahesabu lakini mshale haupandi, gia na waya ni wazima. Ubovu uko ndani ya saa. Mpelekee fundi wa saa hizo.

Kama mshale unarukaruka, mara nyingi waya umekauka au ala yake imepinda vibaya.

Kama mshale na namba vyote vimekufa, fungua waya kule juu kwenye saa. Inua gurudumu la mbele, kisha lizungushe kwa mkono kuelekea mbele. Mwenzako atazame ncha ya waya. Ikizunguka, saa ndiyo mbovu. Isipozunguka, vuta waya wote utoke nje. Ukiukuta umekatika, nunua waya mwingine wa urefu ule ule. Ukiukuta mzima, tatizo liko kwenye gia.

Kuifungua na kuisafisha gia

1. Weka pikipiki mahali pagumu na tambarare. Tumia stendi ya kati, au kreti imara chini ya injini. Hakikisha haiwezi kuanguka.

2. Tandika gunia safi. Kila kitu unachokitoa kipange kwa mstari, cha kwanza mpaka cha mwisho. Ukifika wakati wa kurudisha, utafuata mstari huo kinyume.

3. Fungua waya wa breki na waya wa spidomita. Fungua nati ya ekseli, vuta ekseli, toa gurudumu. Sahani ya breki itatoka pamoja nalo. Itenganishe na gurudumu.

4. Utaona vumbi jeusi la breki. Usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu. Viatu vingi vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, kisha kitupe kitambaa hicho kikiwa bado kibichi.

5. Toa viatu vya breki, uviweke mbali juu ya karatasi safi. Usivishike upande wa kusugulia kwa mikono yenye mafuta.

6. Toa sili na gia kubwa. Osha gia na nyumba yake kwa mafuta ya taa. Kausha kwa kitambaa safi mpaka pasibaki unyevu.

7. Tazama meno ya gia zote mbili. Yakiwa makali kama msumeno au yamelika upande mmoja, gia imekwisha. Tazama masikio ya kitovu na nafasi zake kwenye gia. Yakiwa yamepinda au kuvunjika, gia nzuri haitazunguka. Zungusha gia ndogo kwa kidole. Yafaa izunguke bila kukwama.

Usichukue gia ya pikipiki nyingine

Pengine utasema, "Jirani yangu ana gia ya pikipiki nyingine, nayo inaingia." Kuingia peke yake hakutoshi. Fuata hesabu hii.

Chukua tairi ambalo likizunguka mara moja linakwenda mita 2. Katika kilomita moja litazunguka mara 500. Spidomita nyingi za Kijapani zimepimwa hivi: waya ukizunguka mara 1,400 kwa dakika, mshale unaonyesha kilomita 60 kwa saa. Ukienda kilomita 60 kwa saa, unamaliza kilomita moja kwa dakika moja. Kwa hiyo tairi likizunguka mara 500, waya lazima uzunguke mara 1,400. Hiyo ni karibu mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa tairi.

Hesabu hiyo imo kwenye meno ya gia. Ukiweka gia yenye meno tofauti, spidomita itasema uongo. Itaonyesha 40 nawe uko 50. Spidomita inayodanganya ni mbaya kuliko iliyokufa, kwa sababu utaiamini. Peleka gia ya zamani dukani, hesabu meno, linganisha.

Girisi kiasi gani?

Tumia girisi ya beringi za magurudumu, ile inayostahimili joto. Breki ikifanya kazi inapata moto sana, na girisi nyepesi itayeyuka na kutiririka. Usitumie mafuta ya kupikia, wala mafuta ya ng'ombe, wala oili chafu ya injini.

Paka safu nyembamba kwenye meno ya gia. Paka kidogo sana kwenye mdomo wa sili. Girisi ya kujaa ncha ya kidole inatosha. Usijaze nyumba ya gia kama unavyojaza kibuyu. Ile inayozidi itatafuta njia ya kutoka, na mlango wake unaelekea kwenye viatu vya breki.

Sili ikiwa imechanika au imekuwa ngumu, weka mpya. Ni kitu kidogo, lakini ndiyo inayozuia vumbi lisiingie na girisi isitoke.

Kama girisi imekwisha kugusa viatu vya breki, usidanganyike kwamba utaviosha kwa petroli viwe kama vipya. Mafuta yamezama ndani. Breki ikipata moto yatatoka tena. Badilisha viatu.

Waya nao unahitaji girisi. Paka sehemu ya chini na ya kati. Sehemu ya juu, kiasi cha shubiri moja, iache kavu. Waya unapozunguka hupandisha girisi kama skrubu, na girisi ikifika kwenye saa inaiharibu.

Kuirudisha: mambo mawili ya kuokoa maisha

La kwanza ni masikio ya kitovu. Kabla ya kuingiza ekseli, hakikisha masikio yameingia kwenye nafasi zake kwenye gia. Zungusha gurudumu polepole mpaka uone sahani imekaa chini sawasawa. Ukikaza nati masikio yakiwa nje ya nafasi zake, utayapinda au utavunja gia.

La pili ni kubwa zaidi. Kwenye mguu wa shokapu ya mbele kuna nundu ya chuma. Sahani ya breki ina mfereji wa kuipokea nundu hiyo. Hakikisha nundu imeingia mferejini. Ndiyo inayoishikilia sahani isizunguke. Isipoingia, siku utakapokamata breki sahani itazunguka pamoja na gurudumu. Itakata nyaya zote mbili, na gurudumu linaweza kukwama ghafla. Dereva ataruka juu ya usukani.

Kisha kaza nati ya ekseli na urudishe pini yake, kama ipo. Rudisha waya wa breki na waya wa spidomita. Waya wa spidomita upite kwa mkunjo mpana, mbali na spoku. Geuza usukani kushoto na kulia, uone kwamba hauvutwi.

Ijaribu kabla ya kuiamini

Gurudumu likiwa bado juu, lizungushe. Lazima lizunguke bila kukwama. Kamata breki. Lazima lisimame mara moja. Kisha panda pikipiki uende polepole mahali tambarare. Kamata breki mara kadhaa, kwanza kwa upole, baadaye kwa nguvu.

Usiijaribu kwa mara ya kwanza kwenye mteremko. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro una zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi nyingi kuna ukungu. Mteremko wa kwenda Mto wa Mbu nao ni mrefu na una kona kali. Hapo ndipo breki inapata moto, na hapo ndipo girisi iliyozidi itayeyuka. Mwenye breki yenye girisi atajua habari hiyo katikati ya kona, akiwa na lori mbele yake.

Ukiwa na uhakika wa breki, pima spidomita yako kwa nguzo za kilomita za barabara kuu. Soma namba kwenye nguzo moja, nenda mpaka nguzo iliyo kilomita 5 kutoka hapo, kisha soma tena. Namba zikiongezeka kwa 5, kazi yako ni njema. Siku hiyo hiyo andika kwenye daftari: tarehe, namba za kilomita, na oili ilibadilishwa lini.

Baada ya hapo fungua na utazame gia mara moja kwa mwaka, masika yanapokwisha. Kama huna spana zinazofaa, mwite fundi. Lakini kaa karibu naye. Mwulize, "Girisi umepaka wapi? Nundu imeingia mferejini?" Fundi mzuri hachukii maswali hayo.

Maswali ya kujadiliana

1. Spidomita ina faida gani tatu kwa mkulima?
2. Kwa nini girisi nyingi kwenye gia ya spidomita ni hatari?
3. Mshale haupandi lakini kilomita zinahesabu. Ubovu uko wapi?
4. Ni jambo gani utakalohakikisha kwenye mguu wa shokapu kabla ya kukaza ekseli?