Tusiudharau Mshikamano wa Metali

Habari za mitambo ya kuunganisha viini vya atomi husimuliwa kwa sifa za joto. Twaambiwa kwamba katika mtambo wa ITER, unaojengwa kusini mwa Ufaransa, gesi ya haidrojeni itapashwa hadi digrii milioni 150. Wanafunzi hushangaa, na walimu wao hali kadhalika. Nionavyo mimi, ajabu kubwa zaidi imo ukutani.

Gesi hiyo huzuiwa na nguvu za sumaku isiuguse ukuta. Hata hivyo, sakafu ya chumba chake yatakiwa kustahimili megawati 10 kwa kila mita mraba. Yaani pasi 10,000 za umeme, za wati 1,000 kila moja, zikiwaka kwa pamoja. Uso wa sakafu hiyo ni tungsteni, isiyoyeyuka mpaka digrii 3,422. Ndani yake hupita bomba la maji la mchanganyiko wa shaba, kwa kuwa shaba hupitisha joto zaidi ya mara mbili ya tungsteni.

Hapo ndipo ugomvi uanzapo. Chukua fito mbili za urefu wa mita moja, uzipashe joto kwa digrii 500. Ufito wa shaba utarefuka kwa zaidi ya milimita 8. Wa tungsteni kwa milimita 2 na ushei. Zikigandamanishwa, moja huvuta na nyingine hukataa. Nyufa zikitokea, joto halifiki majini, na uso huungua. Kamba hukatikia pembamba.

Wahandisi hawakutumia mabavu. Waliigawa tungsteni katika vipande vidogo, kisha wakaweka baina yake na bomba tabaka jembamba la shaba safi, ambayo ni laini na hukubali kunyumbuka badala ya kupasuka. Kila kiungo hukaguliwa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, ili kasoro iliyojificha ifichuke.

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Utepe wa metali mbili, unaojipinda upatapo joto, twaufundisha kila mwaka. Mwanafunzi huuchora, hupata alama zake, kisha husahau. Ni wangapi huambiwa kwamba kujipinda huko huko kunakoizima pasi kwa wakati ufaao ndiko kunakoweza kuuharibu mtambo wenye thamani ya mabilioni?

Wapo watakaosema kwamba mambo hayo ni ya mataifa tajiri. Sikubaliani nao. Fundi wa jua kali aliyeshuhudia kiungo kikipasuka kinapopoa amekwisha kukutana na kanuni hiyo hiyo. Anachokikosa ni hesabu yake, na mwanafunzi wetu mwenye hesabu hajawahi kushika chombo cha kuchomelea. Tumewatenga wawili hawa, tukamwita mmoja msomi na mwingine aliyeshindwa na masomo.

Ubaguzi huo ni hasara kwetu. Shule na zifungue karakana zao, na somo la fizikia lifundishwe humo walau mara moja kwa muhula. Nanyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu achaguaye ufundi wa kuunganisha vyuma. Hata pale ambapo binadamu anajaribu kuiga nishati ya jua, kazi yote yategemea kiungo kilichoungwa vyema.